Msibomoe ile shule, ivueni simenti kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muiache iende hivo hivo, maana hata mimi nilijaribu kuipunguza nikashindwa nianzie wapi. Mimi ni fundi mwashi mstaafu, yani mgongo ndo umestaafu, mdomo bado. Nataka kusema habari ya shule ya msingi niliyosoma utotoni, iko kwenye mji mdogo wa pwani ambao siutaji kwa sababu ukiutaja mji umeshaitaja shule, jengo la namna ile liko moja tu pale, na waalimu wenyewe ni watoto wa watu nilioiba nao maembe, sitaki waitwe wilayani kujieleza kwa sababu ya barua ya mzee mmoja.

Ni hivi. Mwezi uliopita nilikwenda kwetu kwenye hitma ya shangazi yangu. Asubuhi yake nikasema ngoja nipite shuleni nione, nikakuta watoto wa darasa la pili na la tatu wako nje chini ya mkungu, ubao umeegemezwa kwenye shina, mwalimu anapiga kelele kushindana na bodaboda. Nikauliza kulikoni, naambiwa jengo la zamani limefungwa, bovu, lipu inadondoka, kuta zinatoa maji, juzi juzi kipande kimeanguka nusura kimpige mtoto. Mwalimu mkuu ni binti mdogo tu, mstaarabu sana, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akanizungusha kila chumba. Akanambia kamati ya shule imeshakaa na wazazi wamekubali, livunjwe lote, pale pajengwe madarasa mapya na mawe yake yajazie msingi. Nikamuuliza mwanangu, nani alisema bovu? Akanijibu mzee si linaonekana tu, hebu angalia mwenyewe.

Nikaangalia. Nikagonga kwa ufunguo wa nyumba, nikaingiza vidole nyuma ya lipu pale ilipovimba, ikatoka bapa zima kama ganda la yai, na nyuma yake ukuta mzima wa mawe umesimama wima umetulia, umelowa lakini mzima. Jengo lile si bovu Mhariri. Linaumwa simenti. Na aliyeliambukiza mmoja wao ni mimi, hilo nitalisema mbele, sitalikimbia.

Kwanza nieleze jengo lenyewe maana vijana wengi wanadhani kitu cha zamani ni cha zamani tu, basi. Lile lilijengwa enzi za Mjerumani, lakini asikudanganye mtu kwamba ni la Kijerumani. Mjerumani alileta ramani na amri, mikono iliyojenga ni ya waashi wa pwani waliokuwa wakijenga hivo hivo misikiti na nyumba za mawe kabla hata meli ya kwanza ya Mjerumani haijatia nanga. Mawe ni ya matumbawe, kiungo chake ni chokaa na udongo na mchanga, ukuta unene wake kama mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole na kuzidi kidogo. Dari ni boriti za mkoko, na hapo ndipo palipo siri ya umbo zima la jengo. Boriti ya mkoko hairefuki unavyotaka wewe, ukitaka ibebe uzito bila kupinda unaishia kama mita mbili na nusu mpaka tatu hivi. Ndo maana nyumba za kale za Lamu, Zanzibar, Bagamoyo, vyumba vyake ni virefu na vyembamba kama behewa, mti ndio uliopanga.

Sasa darasa haliwezi kuwa jembamba hivo, watoto wakae wapi. Kwa hiyo wale mafundi walifanya nini, wakasimamisha safu ya nguzo katikati ya chumba na kuziunganisha kwa matao, boriti za upande huu zikalala juu ya matao na za upande ule zikalala hapo hapo, ukapata chumba kipana mara mbili. Sisi tulipokuwa tunasoma miaka ya sabini hatukujua hesabu yote hiyo, tulichojua ni kwamba ukikaa nyuma ya nguzo mwalimu hakuoni, na ile nafasi ilikuwa inagombaniwa, kuna jamaa sasa hivi ni mtu mkubwa sana serikalini alimaliza la saba bila kuonekana.

Pembeni kuna baraza mbili, mbele na nyuma, nazo zina matao. Madirisha yanaangaliana, la huku na la kule, kwa sababu jengo limegeuzwa likapokea kaskazi na kusi, miezi ya Disemba mpaka Machi upepo unaingia mbele unatokea nyuma, kusi ikianza inageuka. Baraza inazuia jua lisipige ukuta na mvua isiingie ndani, kwa hiyo dirisha halifungwi mvua ikinyesha. Kwenye ukuta karibu na ubao kuna kidaka, mwalimu anaweka chaki, kifutio, na fimbo. Saa nane mchana mwezi wa pili ndani mle palikuwa baridi mpaka unasinzia, sio kwa uvivu, kwa raha. Nendeni leo kwenye darasa la matofali ya inchi sita na mabati bila dari saa nane mchana halafu mje tuongee. Mvua ikinyesha ndo kabisa, mwalimu anakaa chini anangoja ipite, hasikiki.

Mimi madarasa mapya siyapingi, watu wasije wakasema mzee anapinga maendeleo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamefurika, kila mtu anajua. Yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO nchi nzima, kwa mkopo ule wa IMF wa trilioni 1.3, yalisaidia sana na wajukuu zangu wawili wamesomea humo. Ninachosema ni kwamba pale shuleni kwetu nyuma kuna uwanja mkubwa umejaa mbigili, jengeni hapo hata kumi. Kwani ni lazima la zamani lianguke ndo jipya lisimame?

Na shule za zamani za pwani zina historia ambayo haipo kwenye matofali. Nitoe mfano wa Bagamoyo ambao hauna utata. Kulikuwa na mfanyabiashara Mhindi, Mwismaili, Sewa Haji Paroo, mzaliwa wa hapo hapo Bagamoyo, mtu wa kuuza bidhaa kwa misafara ya bara na kuitafutia wapagazi. Miaka ya 1890 alitoa nyumba ya ghorofa iwe shule, akaikabidhi kwa serikali ya Mjerumani, na akaweka sharti kwamba isiwe ya watu wa rangi moja. Fikiria wakati ule! Baadae shule nyingi za hapa nchini ziligawanywa, ya Mzungu huku, ya Mhindi kule, ya Mwafrika kule mwisho kabisa, mpaka uhuru ndo zikaja kuchanganywa, wakati Bagamoyo kuna mtu alishaliona hilo mapema kuliko wote. Huyo huyo alitoa na fedha ya hospitali Dar es Salaam, alifariki 1897, na mpaka leo watu wanakwenda kumuangalia mgonjwa Muhimbili wanasema yuko Sewahaji, wengi hawajui kama ni jina la mtu. Na wewe Mhariri gazeti lako lina undugu na shule hizi, maana gazeti la Kiongozi enzi za Mjerumani lilikuwa linachapwa Tanga, kwenye shule.

Haya, turudi kwenye simenti maana ndo iliyonifanya nishike kalamu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa. Anapanga magogo mduara, tabaka kwa tabaka, juu yake anapanga mawe ya matumbawe, katikati anaacha tundu la kuwashia, moto unawaka usiku kucha mpaka mawe yanakuwa meupe pe. Yakipoa yanamwagiwa maji, hapo yanachemka yenyewe na kupasuka pasuka mpaka yanakuwa unga, sisi watoto tunafukuzwa mbali maana ikikuingia jichoni umekwisha. Hiyo ndo kuizima chokaa. Halafu haitumiki palepale, inawekwa shimoni na maji, inakaa miezi, na babu alikuwa anasema chokaa ya mwaka jana ndo chokaa. Ukiijengea, haikauki kama uji unavyokauka, inavuta hewa taratibu na kurudi kuwa jiwe, ile ile hewa chafu tunayoitoa mdomoni ndo inayoigeuza, kwa hiyo ukuta wa chokaa unazidi kukomaa miaka na miaka. Siku hizi kuchoma matumbawe ya baharini haitakiwi na ni sawa kabisa, samaki wakae wapi, lakini mawe ya chokaa ya nchi kavu tunayo, Tanga huko mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa, na chokaa ya mifuko inauzwa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, hasa nyie wazazi wa kamati. Ukuta wa zamani hauna msingi wenye nailoni chini kama tunavyoweka sasa. Unakaa kwenye ardhi, na ardhi ya pwani ina maji na ina chumvi. Maji yanapanda kwenye ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Wale wazee walilijua hilo, hawakuzuia, waliacha ukuta uwe unapumua, maji yanapanda kidogo, kama magotini, halafu jua na upepo vinayavuta yanatoka kupitia lipu ya chokaa, na lipu ikichoka baada ya miaka inakwanguliwa inapigwa nyingine, inapakwa chokaa kila mwaka kabla ya Idi, gharama ndogo, kazi ya watoto wa shule siku moja. Lipu ile ilikuwa imewekwa iumie yenyewe ili jiwe lisiumie.

Ukija wewe na simenti yako ukapiga lipu juu ya ukuta huo umefanya nini? Umemvalisha mtu koti la mvua la plastiki juani. Maji yanaendelea kupanda kutoka chini, mlango wa kutokea umeshafungwa, basi yanapanda zaidi kutafuta njia, ukuta uliokuwa unalowa magotini unalowa kifuani, unalowa mpaka kwenye vichwa vya boriti, na boriti ikilowa kichwani mchwa na kuoza vinafuata. Chumvi nayo inabaki nyuma ya lipu, inakauka inavimba, inakauka inavimba, inasukuma, ndo mnaona lipu imetoka tumbo halafu inadondoka. Na simenti ni ngumu kuliko lile jiwe, kwa hiyo ikidondoka inaondoka na uso wa jiwe. Fundi akija anasema ah ukuta mbovu huu, tupige simenti nyingine nzito zaidi. Ndo mchezo wenyewe umekaa hivo miaka thelathini.

Na mimi nilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana nina mwiko mpya, niliitwa pale shuleni na watu ambao wote wameshatangulia mbele ya haki, nikapiga lipu ya simenti baraza ya mbele yote na darasa mbili. Nililipwa vizuri na nikajisifu, ikawa laini kama kioo, watu wakapita wakasema fundi huyo. Babu alikuwa hai bado, mzee sana, akaletwa kwa baiskeli kuona kazi ya mjukuu wake, akaweka kiganja ukutani akakaa nacho muda, akasema umeupaka vizuri, lakini utakuwa unatoka jasho. Nikacheka. Nilidhani uzee. Simenti kwetu sisi ilikuwa ndo usasa, kiwanda cha Wazo Hill kimeanza 1966 na miaka iliyofuata ukipata mfuko wa simenti umepata mali, nani angekubali kuonekana anajengea chokaa kama maskini? Baadae nikaenda Zanzibar kufanya kazi kwenye nyumba za Mji Mkongwe, huko ndo nikafundishwa upya na mafundi waliokuwa wanabandua simenti nyumba baada ya nyumba na kurudisha chokaa, nikayakumbuka maneno ya babu nikaona aibu peke yangu juu ya ngazi.

Baada ya kwangu wakaja wengine. Wakapaka rangi ya mafuta kuanzia chini mpaka kifuani, ile rangi ya shule zote, chini bluu au damu ya mzee juu nyeupe, ili mikono ya watoto isionekane ukutani. Hiyo ni plastiki ya pili juu ya ile ya kwanza. Wakamwaga zege kuzunguka jengo lakini mteremko ukaelekea ukutani badala ya kwenda nje. Wakaezua wakaweka mabati mapya bila mifereji, maji ya masika yote yanamwagika kwenye unyayo wa ukuta. Halafu, na hii ilinichekesha kwa uchungu, wakaweka simtank kwenye kona, bomba lake linavuja mwaka mzima, pale kwenye kona ndipo kipande kilipoangukia. Mwalimu mkuu nilipomuonesha akabaki anaangalia bomba, akaangalia ukuta, akaangalia bomba. Mzee, kumbe hapa? Nikamwambia hapo hapo mwanangu.

Kuna watakaosema mbona hata majengo makubwa yanayohudumiwa yanaanguka, Beit el Ajaib kule Zanzibar si lilianguka upande tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Ni kweli, na Mungu awarehemu. Lakini jengo lile la Sayyid Barghash la 1883 halikuanguka kwa sababu ni zee, lilikuwa limeonesha dalili miaka mingi na lilikuwa kwenye matengenezo wakati linaanguka. Funzo la pale kwangu mimi ni kwamba usingoje. Nendeni upande wa pili mkaangalie Kilwa Kisiwani, msikiti mkuu na lile jumba la kale la Husuni Kubwa, Ibn Battuta yule msafiri wa zamani alipita Kilwa mwaka 1331, na mpaka leo kuna kuta na kuba za chokaa zimesimama, hazina nondo hata moja. UNESCO waliiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini 2004, ikafanyiwa kazi, 2014 ikatolewa. Nondo kwenye chumvi ya pwani kila fundi anajua inavyofanya, inakula kutu inatanuka inapasua zege, nyumba ya miaka ishirini unaona vyuma vimetoka nje kama mbavu za punda.

Sasa kuna jambo la sheria ambalo niliambiwa na bwana mmoja wa mambo ya kale zamani, nikalisoma mwenyewe baadae. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 jengo inalolilinda moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya 1863. Zaidi ya hapo mpaka waziri alitangaze. Sasa Mjerumani alikuja lini? Miaka ya themanini ya karne ile. Maana yake karibu kila shule, boma, hospitali na stesheni ya enzi za Mjerumani haimo, mpaka mtu aiombee, na nani ataiombea shule ya msingi ya mji mdogo? Cha ajabu milango ya kuchonga sheria inaikinga mpaka ile ya kabla ya 1940. Kwa hiyo pale shuleni kwetu mlango wa mbele una ulinzi kuliko ukuta unaoushika. Wanaweza wakabomoa shule yote wakauacha mlango umesimama peke yake uwanjani, na kisheria wako sawa. Wabunge wa mikoa ya pwani mpo mnasoma?

Na kuna suala la jinsi kazi zinavyotolewa. Siku hizi shule zinajenga kwa fosi akaunti, kamati inanunua vifaa, fundi wa mtaani anapewa kazi, ni utaratibu mzuri, fedha inabaki kijijini. Ila makadirio yanakuja yameshaandikwa, simenti mifuko kadhaa, mchanga tripu kadhaa, kokoto, nondo. Chokaa haimo. Fundi hata akiijua hawezi kuitumia kwa sababu haina mstari, na risiti yake nani ataipitisha? Mpwa wangu ndo fundi wa ukarabati uliopita pale, miaka minne iliyopita, nilipomuuliza we mtoto nilikufundisha nini, akanijibu anko, ningesema chokaa wangempa kazi mtu mwingine. Sina la kumlaumu. Na mimi niliichukua ile kazi miaka ya tisini kwa sababu hiyo hiyo.

Nilichowaomba pale na ninachokirudia hapa hadharani ni kidogo tu. Kabla ya kuleta nyundo, nipeni ukuta mmoja, ule wa baraza ya nyuma. Tufunge ile bomba ya simtank, au tuihamishe, kazi ya nusu saa. Tuchimbe mfereji na kuugeuza ule mteremko wa zege. Tuweke mfereji wa bati hata wa upande mmoja. Halafu tubandue simenti yote kwenye ukuta huo, taratibu, kwa patasi na sio kwa sululu, tuuache uchi kuanzia Juni masika ikiisha mpaka Septemba, miezi ya kusi, upepo mkavu. Ukuta utageuka rangi wenyewe mtauona, kuanzia juu kushuka chini. Ukikauka ndo tupige lipu ya chokaa, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikipumzishwa siku kadhaa na kunyunyiziwa maji isikauke kwa pupa. Boriti zilizooza vichwa tutazihesabu hapo hapo, nadhani ni nane, labda kumi, na sio lazima ziwe za mkoko maana mkoko wa Rufiji siku hizi ni wa kibali, mti mwingine mgumu uliotiwa dawa unafaa.

Kama Septemba ukuta bado unatoa maji basi leteni nyundo na mimi nitakuja kusaidia kubeba mawe. Siombi malipo. Naomba nauli tu na mahali pa kulala, na mahali pa kulala ninapo, kwa binamu.

Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mzee mimi nimekuelewa lakini uamuzi sio wangu, kamati itakaa tena baada ya mitihani, njoo useme mwenyewe. Nitakwenda. Mwenyekiti wa kamati ni yule yule tuliyekuwa tunagombania naye nafasi ya nyuma ya nguzo, na mara nyingi alikuwa ananishinda. Nimeshaanza kuloweka ndoo mbili za chokaa hapa nyumbani Temeke, mke wangu analalamika zinamzuia kupita uani, nimemwambia avumilie mpaka Juni.

Ni mimi,
Fundi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam